Madigadi ya Kushoto

Xaveri Likwata alikigeuza kigezo, akakiegemeza tena juu ya madigadi ya kulia ya gari, akapiga goti kuchungulia. Mwanga ulipita. Palepale puani, mahali bati linapoanza kuinamia tairi, palikuwa na nafasi ya kutosha kuingiza kidole. Alikiingiza. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali, akakiingiza tena, kana kwamba safari hii bati lingebadili nia.

Kigezo hicho alikichonga mwenyewe asubuhi ile kwa ubao mwembamba, akifuata mgongo wa madigadi ya kushoto. Upande wa kushoto kililala kama kiganja juu ya shavu. Upande wa kulia kiligoma. Na ajabu ni kwamba hiyo ya kulia, iliyotoka Uingereza ndani ya sanduku lililojazwa nyasi kavu, ilikuwa imeingia mahali pake bila ubishi. Matundu yote sita yalikutana na matundu ya bodi, bolti zikaingia kwa vidole tu.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa meli ingetia nanga Lindi, na gari lile la wazi, lililoundwa mwaka 1928, lilitakiwa kupakiwa kwenda Dar es Salaam kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya magari ya zamani. Mnunuzi huyo alikuwa na sharti moja: kila bati liwe la kiwandani. Mwenye gari, Bwana Gordoni wa shamba la mkonge, alikuwa amemwandikia kwamba yote ni ya kiwandani, isipokuwa madigadi ya kulia iliyopondeka kwenye daraja la Mingoyo, na hiyo ameshaagiza nyingine kulekule ilikotoka ya kwanza.

Xaveri alitembea hadi mlangoni mwa gereji, akarudi. Akachukua msasa, akauweka chini bila kuutumia. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimjia tangu asubuhi, naye alikuwa akilifukuza.

"Mzee Xaveri, mbona leo hutulii?" Abdala aliuliza. Abdala ndiye aliyekuwa mwenye gereji. Aliirithi kwa baba yake, na Xaveri akawa kama sehemu ya urithi huo, pamoja na vifaa na deski la mninga. "Tangu asubuhi unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Hazilingani."

"Kwa kiasi gani?"

Xaveri alimwonyesha kidole.

Bwana Gordoni alifika baada ya sala ya adhuhuri, kofia mkononi, shingo imemwiva kwa jua. Alikuwa ameishi nchini miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko alivyotaka watu wajue. Alilizunguka gari mara mbili, akasimama mbele yake, akafumba jicho moja.

"Wameniibia," alisema taratibu. "Hii waliyonitumia ni ya kuiga." Kisha akaenda upande wa kushoto, akaweka kiganja juu ya pua ya madigadi ya zamani, akakiteremsha polepole. "Tazama, fundi. Unaona inavyojaa hapa, halafu inavyoshuka? Hii ndiyo ya kiwandani. Mtu hawezi kuipata kwa mkono. Wageni wangu wote nawaonyesha."

Xaveri alitazama kile kiganja cha Mzungu kikipita mahali alipowahi kupitisha cha kwake.

Ndipo lile jambo lilipomjia lote, wala hakuwa na pa kulisukuma. Mwaka 1942, wakati wa vita, gari hili lilikuwa la daktari mmoja mzee aliyeligonga kwenye kisiki njia ya Mtama, madigadi ya kushoto ikapasuka. Meli hazikuleta vipuri. Hata misumari ilikuwa ya kutafuta. Xaveri, Mmwera wa Nyangao aliyefundishwa uhunzi na mabruda wa misheni, alipasua pipa la mafuta, akalinyoosha, akaligonga siku kumi na moja juu ya gogo la mwembe lililochimbwa shimo. Alifuatisha madigadi ya kulia kwa macho tu. Alipofika puani aliijaza kidogo zaidi, si kwa kukosea. Aliona tu kwamba ndivyo inavyopendeza. Daktari alishukuru, akapaka rangi, na vita vilipokwisha akaliuza gari akaenda kwao. Tangu hapo hakuna aliyeuliza, na Xaveri hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

"Basi ikunje hii mpya," Bwana Gordoni alisema, akivaa kofia. "Ifanane na ile. Nakwenda boma, nitarudi saa kumi."

Gari lake dogo lilipotokomea, Abdala alisogea karibu. "Umesikia. Saa kumi."

"Abdala, ile ya kushoto niliitengeneza mimi. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amesimama hapo ulipo."

Abdala alilitazama gari, akatazama barabara. Malori manne ya shamba la mkonge yalikuwa yakitengenezwa hapo, na bila hayo gereji ingebaki na baiskeli za makarani.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi kunja, mzee wangu. Nakuomba. Gari lipande meli liende. Anapenda kazi yako bila kujua ni kazi yako. Kuna ubaya gani?"

Xaveri alifungua bolti sita, akaishusha madigadi mpya, akailaza kifudifudi juu ya gunia la mchanga. Ndani ilikuwa laini kama sahani. Hapakuwa na alama ya mkono wa mtu. Mashine iliibana mara moja tu, ikatoka hivyo, pamoja na nyingine mia zilizofanana nayo. Alitaka kuichukia, ikamshinda. Bati lilikuwa safi, nalo lilikuwa linasema kweli.

Aliinua nyundo. Akaishusha bila kugonga. Akahamia upande mwingine wa gunia, akajiambia kwamba huko mwanga ni mzuri zaidi, akaiinua tena. Akaenda kunywa maji mtungini. Aliporudi aliona jasho lake limedondoka juu ya bati, akalifuta kwa ncha ya shati, akakaa juu ya tairi kuukuu na nyundo katikati ya magoti. Abdala alikuwa akimtazama kupitia dirisha la ofisi, akijifanya anasoma.

Saa kumi Bwana Gordoni alikuta madigadi iko palepale juu ya gunia.

"Bado?"

Xaveri alisimama. "Ile ya kulia haina kosa, Bwana. Ndiyo ya kiwandani. Ya kuiga ni ya kushoto. Niliigonga mimi wakati wa vita, kwa pipa la mafuta."

Mzungu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nani amekuambia useme hivyo?"

"Hakuna, Bwana."

"Nionyeshe."

Ilimchukua Xaveri muda kuitoa, maana bolti za kushoto zilikuwa zimeshika kutu, na mikono yake sasa ilikuwa imetulia mno, mizito. Aliigeuza, akakwangua lami na tope la miaka kumi na mbili. Chini ya tope vikaonekana vidimbwi vya nyundo, vibonyeo vidogo vidogo, maelfu, vimepangana kama magamba ya samaki. Karibu na ukingo zilibaki herufi tatu za pipa, zimepauka lakini zinasomeka.

Bwana Gordoni aliinama. Alipitisha vidole juu ya vile vidimbwi, akavipitisha tena. Kwa kitambo Xaveri alidhani atasema neno, na neno hilo, lolote lile, alijikuta anaomba kulisikia.

"Miaka minane," Mzungu alisema mwishowe. "Miaka minane nimewaonyesha watu." Alijinyoosha, uso umemwiva kama shingo. "Rudisha ile mpya. Hii sitaki kuiona kwenye gari langu. Ijumaa haliondoki. Nitaagiza nyingine." Akamgeukia Abdala aliyekuwa mlangoni. "Na malori yangu nitafikiri pa kuyapeleka."

Gari lake dogo lilipoondoka, Abdala hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. "Nenda nyumbani, mzee," alisema. "Upumzike. Nitakuita."

Xaveri alikwenda kwake Mitwero kwa miguu, madigadi begani, na watu njiani wakamuuliza gari liko wapi. Mkewe, Romana, alikuwa akipepeta mtama. Alisikiliza habari yote bila kuacha ungo.

"Kwa hiyo hii ni yako?" aliuliza.

"Yangu."

"Miaka yote hii hukuniambia, Baba Natalia."

"Ilikuwa kazi tu."

Romana aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaishika ile pua iliyojaa. Hakusema inapendeza. Alikaa nayo tu, kiganja juu ya bati, muda mrefu kuliko alivyokaa Bwana Gordoni, naye Xaveri akalazimika kutazama pembeni.

Wiki mbili zikapita, Abdala asimwite. Xaveri alitengeneza jembe la jirani, akaziba sufuria, akarekebisha mlango usiokuwa na kasoro. Asubuhi aliamka kabla ya adhana na kukaa ukingoni mwa kitanda, viatu mguuni, hana pa kwenda. Alisikia kwamba malori ya mkonge bado yanaonekana gerejini. Alisikia pia kwamba hayaonekani.

Siku ya kumi na tano aliibeba madigadi hadi barabarani, akaitundika kwa waya kwenye mkorosho ulio mkabala na kona, upande wa ndani ukiwa nje, vidimbwi vya nyundo vikilitazama jua. Hakuandika kitu; mwenye kutafuta fundi angeiona kazi yenyewe. Akakaa chini, akachukua kijiti akaanza kukivunja vipande vipande.

Jua lilipopanda, lori lilisikika likitoka upande wa mjini. Lilipokaribia kona dereva alibadili gia, injini ikanguruma chini, magurudumu yakapunguza mwendo. Xaveri alisimama. Kwenye kona ile malori yote hupunguza mwendo. Aliangusha vipande vya kijiti, akajifuta viganja kwenye suruali, akatazama vumbi likija.