Kopo la Joyness

Maonyesho ya maua, eti! Mwaka tisini na tano huo, wakimbizi na sisi tumemaliza miti, huku Mugoma tunapikia mabua, halafu watu wa shirika la kigeni wanatuita ukumbi wa parokia tukashangae maua ndani ya makopo ya mafuta ya msaada. Nyoo!

Nilikwenda kwa sababu moja. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Theonest, alialikwa, na Jumatatu ndiye angeamua kesi yangu. Shemeji yangu Laurian analitaka shamba aliloniachia marehemu mume wangu, alikodishe kwa shirika wajenge ghala. Anaapa kwamba baba yao hakugawa, na mpaka haukuwahi kuwepo. Muongo mkubwa! Palikuwa na safu ya mimea ya majani marefu, ile ya mpaka, ambayo kwetu mtu mwenye akili haigusi. Wiki iliyopita niliamka nikakuta mashimo matupu.

Nikamsalimia mzee shikamoo, akaitikia marahaba huku anatafuna biskuti. Nikazunguka meza. Maua ya maboga, maua ya maharage, mtu kachuma chakula cha wanawe ili asifiwe na wageni. Nilitamani kucheka.

Kopo la kwanza kwa uzuri lilikuwa la Joyness, mke wa Laurian, binti wa mjini asiyejua hata jembe linashikwaje. Katikati ya waridi, majani marefu yamesimama. Mimea yangu! Bila shaka mumewe aliing'oa akaitupa nyuma ya jiko, na ile haifi upesi, basi huyu akaiona pambo.

Nilitaka kumrukia. Nikajikaza, nikatabasamu.

"Hongera, mwenzangu!" nikasema kwa sauti, ukumbi mzima usikie. "Majani haya umeyapata wapi?"

Alivyo na sifa, akajishebedua. "Ya nyumbani, mama Gidioni! Si unayajua? Aliyapanda baba mkwe mwenyewe, pale tunapopakana. Laurian ndiye aliyeng'oa."

Mzee Theonest akaweka biskuti chini.

"Mnapopakana?" akauliza. "Laurian si aliniambia hampakani?"

Joyness akamtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Laurian hakumtazama.

Mama wa shirika, asiyeelewa Kiswahili hata neno moja, akamvisha Joyness utepe wa mshindi wa kwanza. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma.