Shuka za Mama Juu ya Mabati

Desemba ya tisini na saba, El Nino ilikuwa imemeza mashamba yote ya Kulesa. Mto Tana haukuwa mto tena, ni maji tu mpaka macho yachoke. Nyumba ya kina Joy iko kwa mwinuko, ikabaki kavu, mabati yake yanang'aa. Baba yake, Mzee Komora, shemasi wa kanisa, alikuwa anampeleka bibi hospitali Ngao pamoja na Mama. Kabla apande mtumbwi akamwambia Joy:

"Nikirudi nikute nyumba vile nimeiacha, Januari unaenda Malindi kwa shangazi yako, unaanza Form One. Nikikuta hata kijiko kimepinda, utapanda mpunga na mimi hapa mpaka uzeeke."

Na Joy aliitaka hiyo Malindi, wueh! Sanduku alikuwa ashafunga zamani.

Shida ikawa Molu. Huyu ni kijana wa Kiorma, ng'ombe wao wamehamishwa mbali na maji, yeye amebaki na redio kaseti kubwa na betri ya lori, na hana pahali pakavu pa kuzipigia.

"Joy, dada yangu, disko ndogo tu. Mchana mchana. Watu kumi."

"Kumi, Molu?"

"Wallahi, kumi!"

Na kumi walifika, kweli. Lakini muziki juu ya maji haukutani na ukuta. Mitumbwi ikaanza kutokea kila upande, watu wanapiga kasia kwa kufuata beat! Mmoja akaja na mbuzi wake wote, eti hakuna pakavu pa kuwaacha. Na kila mtu amelowa chapachapa. Sasa utachezaje Lingala suruali inatiririka? Mtu akafungua kabati ya Mama. Joy kugeuka, anamwona Mramba, binamu yake, amejifunga shuka nyeupe kiunoni, anazunguka kama pia.

"Mramba! Hiyo ni shuka ya harusi ya mamangu!"

"Basi leo imeolewa tena!"

Dakika kidogo, shuka zote ziko nje, zimejaa matope, na mbuzi mmoja anatafuna pindo. Meza ya Baba ikapoteza mguu. Joy alitaka kulia, akajikuta anacheka, halafu akaikumbuka Malindi. Akawavua watu shuka mmoja mmoja kwa nguvu, akazifua kwa karai. Sasa azianike wapi? Kamba mbuzi wamekata. Chini ni tope. Akaangalia juu. Mabati! Yana moto kama kikaango. Akapanda, akazitandaza zote.

"Zikikauka nazikunja," akamwambia Molu. "Nani atajua?"

Sasa ngoja. Wiki iliyopita chifu alikuwa amefanya baraza: mkizidiwa na maji, wekeni kitambaa cheupe juu ya nyumba, mpunge mikono, helikopta ya msaada itashuka. Na unajua nani aliwatafsiria wazee maneno hayo kwa Kipokomo? Joy mwenyewe!

Ile sauti ya tatatata ikaja. Disko nzima ikatoka nje. Ndege iko chini hivi, watu wakaruka, wakapunga mikono, wakapiga vigelegele.

"Molu, zima muziki!"

"Nizime wageni wanakuja?"

Ikashuka uwanja wa kanisa, hapo hapo kando ya nyumba, na upepo wake ukazing'oa shuka, moja ikaenda na mto, moja ikamfunika Molu na redio yake. Mlango ukafunguka. Wa kwanza kuruka ni Mzee Komora. Alikuwa ameomba lifti kutoka Ngao, na huko juu akaona mabati yake yamekuwa meupe. Alikuja mbio na kiatu kimoja.

"Joy! Mwanangu! Uko hai?"

"Niko hai, Baba."

Akamkumbatia, analia. Halafu akamwachilia ghafla. Alikuwa amemwona Mramba.

"Hiyo si koti yangu ya kanisa?"

"Ni yako, Mzee. Nilikuwa naianika tu."

Mtu wa msaada akauliza, "Hawa wote mafuriko yamewatoa kwao?"

Bibi, anashushwa na Mama polepole, akadakia: "Wote, mwanangu. Na wana njaa."

Magunia ya unga yakaanza kushuka! Kulesa ilikuwa inayangoja tangu mvua ianze, na kila siku ndege inapita tu, kwa sababu ukitazama kutoka juu nyumba ya Komora ni kavu na inang'aa, rubani anadhani kijiji kiko salama. Wamama wakaja wakambeba Joy juu juu. Redio ikatangaza vijana wa Kulesa wameokolewa wakipunga mikono kwa furaha kubwa, na mpaka Kipini, mpaka Malindi, watu wakavunjika mbavu.

Jioni Mzee Komora akaitazama meza ya miguu mitatu.

"Malindi unaenda."

"Kweli, Baba?"

"Kesho! Nikikuacha hapa mpaka Januari utaniletea meli."

Siku ya kwanza shuleni mwalimu akamsimamisha ajitambulishe. "Naitwa Joy Komora, natoka Kulesa."

Darasa zima likatazama juu, likaanza kupunga mikono.