Jumapili ya Malliyabbe

Nagaveni aliilowesha karatasi, akaibandika juu ya jiwe la kale lenye maandishi, akaigonga kwa brashi mpaka ikazama katika kila herufi, kisha akaipaka wino apate nakala. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mwalimu wake wa zamani, Profesa Shivarudrappa, amenuna. Yeye ndiye aliyeandika, enzi za ujana wake, kwamba jiwe hilo ni la kughushi. Kwa neno lake hilo, watu wa kujenga barabara walikuwa wanakuja mchana huohuo kuling'oa na kulisaga liwe kokoto.

Jiwe lenyewe lilisema kwamba mjane Malliyabbe alitoa shamba lake lichimbwe bwawa la kijiji, siku ya Jumapili, mwezi haujaandama, jua limepatwa. Profesa alikuwa amepiga hesabu ya mwaka uliochongwa pale, wa Shaka, kalenda ya kale ya Wahindi, akakuta mwaka huo jua halikupatwa kabisa. Basi akaamua mjane ni mwongo.

"Mwalimu, ulihesabu miaka iliyokwisha," alisema Nagaveni huku akifuta wino mikononi.

"Ndivyo wachongaji wengi walivyohesabu. Nimekufundisha mwenyewe."

"Wengi, ndiyo. Huyu aliuhesabu na ule aliokuwa akiuishi. Mjukuu wako anasema ana miaka minne, mama yake anasema yuko kwenye wa tano. Nani mwongo hapo?"

Akamsogezea hesabu. Ukirudi nyuma mwaka mmoja tu, siku inakuwa Jumapili, na jua linapatwa asubuhi juu ya kijiji hichohicho. Nagaveni alipoliona hilo mara ya kwanza, mwili ulimsisimka. Mjane wa watu aliifunga sadaka yake na jua, mahali pasipofikiwa na mkono wa kufuta. Akili iliyoje!

Profesa alisoma, akarudia. Nagaveni alijiandaa kwa maneno makali, maana mzee huyo hakuwa mtu wa kusahihishwa. Badala yake alivua viatu, akachota unga wa manjano ambao akina mama wa kijiji huuacha miguuni pa jiwe kwa heshima, akaupaka mwezi na jua vilivyochongwa juu yake.

"Maisha yangu yote nimemwita mwongo," alisema. "Andika kosa ni langu, mwanangu. Jina langu lote. Na uweke mwaka."

"Mwaka upi, Mwalimu? Uliokwisha?"

"Huu tunaouishi."

Kisha akakivuta kiti chake mbele ya jiwe, akakaa kuwasubiri watu wa barabara.