Kucha za Mama Edith

Ijumaa ile Sabra alifanya kosa kwa nia safi kabisa, na ndiyo maana lilimkaa rohoni. Ijumaa zote za nyuma alikuwa na mapumziko yake, lakini bosi alisafiri kikazi, ikabidi abaki na mgonjwa kwenye nyumba ya kazi, mtaa wa Abu Hamour, Doha. Alimwogesha Mama Edith, akamvisha gauni safi, na bibi akapitiwa na usingizi kwenye kiti cha magurudumu, mikono mapajani. Sabra akaziona kucha zake: ndefu, ngumu, zimeingia umanjano. Kwao Jang'ombe, Unguja, marehemu mama yake hakuacha kucha zivuke Ijumaa, hata za mgonjwa aliye kitandani. Basi akazikata zote kumi, akazifunga kwenye karatasi, akajisifu moyoni.

Laiti angewahi kuchungulia! Wiki tano alizokuwa pale, kila alasiri alimsukuma bibi hadi kwenye kinubi chake alichokuja nacho kutoka Ayalandi, akafunga mlango na kurudi jikoni, kwa sababu bibi hakupenda kutazamwa. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya miguu na ulimi, kikamwachia mikono. Kinubi kilikuwa cha nyuzi za shaba, na shaba haikati sauti upesi. Mlio ulining'inia hewani, ukapita chini ya mlango, ukamkuta Sabra na vitunguu vyake.

Mama yake Sabra alifariki mwezi wa Shaabani, akazikwa Unguja siku hiyohiyo, na yeye yuko Doha anaosha vyombo vya watu. Chozi halikumtoka. Alidhani ana moyo wa jiwe, na jambo hilo lilimtisha kuliko msiba wenyewe. Siku ya kwanza kusikia kinubi alilia mpaka akakaa sakafuni. Tangu hapo alasiri ikawa saa yake ya kumlilia mama, na hakuna aliyemuuliza chochote.

"Wazee wetu walikuwa na nyimbo za aina tatu," Rodney, mtoto wa bibi, alimweleza siku alipomkuta na macho mekundu. "Za kuchekesha, za kuliza na za kulaza. Ulizosikia ni za kuliza."

"Na za kulaza, bosi, mbona hapigi?"

"Anaijua moja tu. Alimpigia baba yangu kitandani usiku wake wa mwisho, mara moja. Akasema hiyo mtu hapigiwi mara mbili."

Sabra alisema Mungu apishie mbali, akarudi kwenye sufuria zake.

Sasa, alasiri ya Ijumaa ile, alifunga mlango kama kawaida. Badala ya muziki akasikia kishindo hafifu, kama mtu anagonga ndoo kwa kidole. Kikarudia, kisha kimya. Alipoingia alimkuta Mama Edith ameinua mikono yake mbele ya uso anaitazama.

Rodney aliporudi Jumapili hakupiga kelele, na hilo likawa baya zaidi. "Kucha ndizo zinazopiga, Sabra. Nyama ya kidole kwenye shaba haitoi kitu. Kwa umri wake zitachukua miezi kukua."

Miezi yenyewe bibi hakuwa nayo. Alianza kukataa chakula. Daktari alipima hiki na kile, asione ugonjwa mpya. Nyumba ikapoa kabisa, na Sabra akawa anaogopa alasiri ikifika.

Akaacha kucha zake zikue. Ijumaa ya kwanza ilipita, ya pili, ya tatu, na kila mara alimwomba mama yake radhi. Ijumaa ya nne, wakati akimlisha supu, Mama Edith alimshika mkono, akamminya ukucha mmoja baada ya mwingine kama mtu anayechagua bamia sokoni. Kisha akaelekeza macho kwenye kinubi.

Ndivyo walivyoanza. Bibi aligusa uzi, Sabra akaukwaruza kwa ukucha, na kabla mlio haujachafua ule uliofuata, kidole laini cha bibi kiliuzima. Mmoja wa kuamsha, mwingine wa kuzima. Ulikuwa wimbo mmoja tu, mfupi, wa taratibu. Sabra alifurahi mno, kwani kila walipomaliza kipande bibi alikubali vijiko viwili vitatu. Hata hivyo mkono wa bibi ulizidi kuwa mwepesi kila siku. Na wimbo wenyewe haukumliza wala haukumchekesha. Ulimletea uzito wa kope. Alitaka kumuuliza Rodney, akajiambia atamshtukiza ukikamilika.

Ulikamilika Alhamisi. Kwa mara ya kwanza walianza mwanzo, hawakusimama popote. Mama Edith alikuwa amefumba macho, akitabasamu, kidole chake kikizifuata nyuzi kwa kuchelewa kidogo, kisha kwa kuchelewa zaidi.

Rodney akatokea mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Sabra, acha."

"Umebaki uzi mmoja tu, bosi." Na kabla hajamaliza kusema alikwishaupiga.

"Huo ndio wa kulaza," Rodney alisema.

Sabra aliondoa mkono kama aliyeungua. Uzi wa mwisho uliendelea kulia. Akasubiri kidole cha Mama Edith kije kuuzima, kama kilivyokuja siku zote. Kilikuwa kimetulia kwenye mbao, hakikuja. Hapo ndipo machozi yalipomtoka Sabra.

Mlio ulizunguka chumba kizima. Kuugusa tu kungetosha kuunyamazisha, lakini hakuna kati yao aliyethubutu.