Alisema Acha

Gari lenyewe lilikuwa fupi kiasi kwamba kuku angelipanda bila kupiga bawa. Lilianzia kwenye picha ya kalenda ya zamani: gari la mashindano, jekundu, pua ndefu, makalio mafupi, na dereva aliyevaa miwani mikubwa kama anayeogopa upepo wake mwenyewe. Kaka mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha ya watu, aliikata picha ile akaibandika ukutani juu ya mashine yake, akasema, "Hili nitalitengeneza." Watu wakacheka. Akalitengeneza. Chesisi aliiunga kwa mabomba ya mraba yaliyobaki kwenye mageti, bodi akaimimina kwa faiba, milango hakuweka kwa sababu hata lile la kwenye picha aliliona halina. Siku lilipopakwa rangi, mkewe alilizunguka mara moja, akalipa jina: Mke Mwenza. Tangu hapo kila jioni alikuwa akiuliza, "Mume wangu, leo zamu ya nani?"

Kilichobaki kilikuwa injini. Na injini ndiyo iliyotia nyongo.

Mdogo mtu aliitwa Redio, kwa kuwa alizaliwa bila swichi ya kuzimia. Alikuwa kinyozi, tena kinyozi ambaye watu walimwendea hata kama hawana nywele, ili wakae tu wamsikilize. Mara ya kwanza walipofunga injini walikuwa wawili, yeye na kaka yake. Injini ya teksi iliyostaafu waliifunga kamba, kamba ikapita kwenye kapi lililoning'inia juu ya miguu mitatu ya mabomba, Redio akashika mwisho wa kamba, kaka akainama chini kuielekeza injini ikae kwenye vikalio vyake. Shusha kidogo. Shusha tena. Halafu kaka akapiga kelele neno moja, na Redio akaachia kamba. Injini ilishuka shibiri moja tu. Bahati mbaya, ndani ya shibiri hiyo palikuwa na mkono wa kushoto wa kaka.

Vilikwenda vidole viwili, cha mwisho na cha pete. Pete yenyewe ilirudi nyumbani ndani ya bahasha ya hospitali, imekatwa.

Neno ndilo lililowagawa. Kaka alishikilia kwamba alisema "Shika!" Redio alishikilia kwamba kaka alisema "Acha!" Sasa hebu fikiri. Mtoto akichezea kisu unamwambia acha, yaani akome. Mtu akikukamata shati unamwambia acha, yaani aachie. Neno ni hilo hilo, sauti ni hiyo hiyo, na mwenye kamba hana muda wa kuuliza, samahani, acha ya kisu au acha ya shati?

Hakuna aliyemwamini. Mtu akishakuwa mchekeshaji, hata akisema nyumba inaungua watu wanasubiri mwisho wa kichekesho. Na Redio naye, badala ya kunyamaza mpaka mambo yapoe, akalifanya lile jambo hadithi ya kwenye kiti cha kunyolea. "Nimeambiwa acha, nimeacha," alimwambia mteja mmoja, mashine inanguruma kisogoni. "Mtu mtiifu kama mimi mnamtafuta wapi? Kwenye jeshi?" Mteja akacheka mpaka akakatwa vibaya. Walipoinua macho, shemeji alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula alilomletea. Aliliweka juu ya kabati la vioo, taratibu, akaondoka. Bakuli hilo halikuja tena.

Kaka hakumgombeza hata siku moja. Hilo ndilo lililomla Redio. Angepigwa makofi angelala usingizi. Lakini kaka alikuwa mpole, anamsalimia, anamuuliza kazi inaendaje, ila kitu chochote alichotaka kumpa alikiweka kwanza mezani, au chini, au juu ya tairi, Redio akiokote. Kikombe cha chai: mezani. Ufunguo: kwenye dirisha. Mkononi hakumpa. Redio alianza kujiuliza kama kweli alisikia alichosikia. Alikuwa akinyoa kichwa cha mtu, ghafla anasimamisha mashine, anasema peke yake, "Shika. Acha. Shika. Acha," mpaka mwenye kichwa anaomba maji.

Jumamosi moja kaka akamwita. "Kesho tunafunga injini. Nimepata winchi ya kuazima, na mwenye winchi anakuja nayo."

"Na mimi nitashika nini?"

Kaka aliangalia pembeni. "Utashika tochi."

"Mchana?"

"Chini ya gari kuna giza."

Mwenye winchi alikuwa mtu mnene asiye na haraka na jambo lolote, ndiyo maana wote walimwita Polepole. Alikuja na mnyororo wake na fremu ya mabomba, akaisimamisha juu ya gari, miguu huku na huku, bomba moja limelala juu. Redio akaitazama, ulimi ukamwasha.

"Bwana Polepole, tunafunga injini au tunafunga goli?"

Polepole alicheka kwa tumbo. Kaka hakucheka. Shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akichambua mchele, alisema bila kuinua uso, "Tochi inaongea."

Redio akaiwasha tochi.

Polepole akafunga ndoano kwenye injini, akajipangusa mikono, akatoa sheria zake. "Kazi yangu ina maneno matatu. Panda. Shuka. Simama. Maneno mengine yote ni ya kanisani na msikitini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," wakasema wote, na shemeji alisimamisha ungo.

Injini ikapanda, kliki kliki kliki, ikaning'inia juu ya gari kama nyama buchani. Lakini ilipoanza kushuka, giaboksi iliyokuwa nyuma yake ikagonga ukuta wa chesisi. Ikabidi ipande. Ikashuka tena, ikagonga tena. Polepole akainama, akachungulia, akasikitika.

"Hii haiingii imelala. Lazima mkia utangulie. Tuufunge kamba huko nyuma, mtu aishike, awe anailegeza kidogo kidogo wakati mimi nashusha mbele."

Neno kamba lilipotoka, ungo wa shemeji ulisimama.

"Nitashika mimi," shemeji akasema, akainuka.

"Mama, huu ni uzito wa mtu mzima na nusu," Polepole akasema. "Kijana huyu ana kazi gani? Tochi? Tochi iwekwe juu ya tofali."

Yeye alikuwa mgeni wa habari ile. Kaka alimtazama Redio kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ule mkono wa kushoto aliuficha mfukoni, mazoea mapya hayo, kama mtu aliyeshika kitu cha wizi. Mwishowe akachukua kamba, akaifunga kwenye mkia wa giaboksi, akaipitisha juu ya lile bomba la juu la fremu. Ncha yake akaiweka chini, kwenye vumbi, mbele ya miguu ya Redio.

Redio akaiokota. Akaizungusha kiunoni mara moja, akaegemea nyuma. Mdomo wake ulikuwa na vichekesho vitatu tayari, vyote vizuri. Akavimeza vyote. Aligundua jambo la ajabu: akinyamaza, anaona. Aliona nati iliyolegea kwenye kikalio cha kulia. Aliona jasho likimdondoka kaka kwenye ncha ya pua. Aliona mkono wa kulia wa kaka, wenye vidole vyake vyote vitano, ukielekeza injini kama mtu anayemshika mtoto akijifunza kutembea.

"Shuka," kaka akasema.

Mnyororo ukalia. Kamba ikapita kidogo mikononi.

"Shuka. Simama. Shuka."

Mkia ukaingia. Tumbo la injini likaanza kuufuata. Hapo bomba jembamba la mafuta likachomoka kwenye kibanio chake, likalala juu ya kikalio, pale pale injini ilipokuwa inataka kukaa. Kidogo tu lingepondwa. Kaka akaingiza mkono chini kulivuta, na mdomo wake, ambao ulikuwa umeahidi maneno matatu, ukatoa la nne.

"Acha! Acha!"

Redio alishika.

Hakufikiri. Aliuona mkono, akashika, basi. Kamba ilikuwa inateleza, ikamchoma kiganja kama pasi, naye akazidi kuibana. Polepole naye akaushika mnyororo. Injini ikaning'inia pale, upana wa kiberiti juu ya mkono wa kaka, inayumba taratibu.

Kaka akautoa mkono. Akautazama, mbele na nyuma. Kisha akasimama wima, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka chumba ambacho alijua hakina mtu.

"Nimesemaje?" akauliza.

Polepole hakujua kinachoulizwa. Redio alijua vizuri sana, na jibu alikuwa nalo, alikuwa amelibeba muda wote huo likimkaba. Siku nyingi alikuwa ameota dakika hii: angesimama juu ya kitu kirefu, angetangaza, angeimba. Sasa imefika, na anaona hamu ya kusema imemtoka, imebaki ladha ya chuma tu mdomoni.

"Umesema shika, kaka," akasema kwa sauti ndogo.

"Mwongo," shemeji akasema kutoka kwenye ngazi. Ungo ulikuwa umemponyoka, mchele wote uko chini. "Amesema acha. Nimesikia kwa masikio yangu. Mume wangu, umesema acha. Mara mbili."

Kaka akakaa juu ya tairi ya mbele. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka gotini, wazi, jua likiupiga. Vidole vitatu na nafasi.

"Basi hata siku ile," akasema. Hakumalizia.

Redio alingoja kuona kama moyo utakuwa mwepesi. Haukuwa. Kwa sababu sasa alikumbuka kitu ambacho ule ubishi wa neno ulikuwa umekifunika. Siku ile, kamba mkononi, alikuwa anamtania muuza maji aliyekuwa anapita na mkokoteni. Alikuwa amegeuza shingo. Neno lilimfikia sikioni tu. Leo neno lilikuwa lile lile, na ameshika, kwa sababu macho yalikuwa kazini.

"Kaka."

"Sema."

"Siku ile nilikuwa naangalia barabarani."

Winchi ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayekohoa ili akumbukwe.

"Mimi nikasema acha," kaka akasema polepole, "na wewe ukaangalia barabara."

"Ndiyo."

"Vidole viwili." Akavihesabu pale ambapo havipo. "Kila mtu kimoja. Cha mwisho ni chako."

Ilikuwa mara ya kwanza kaka yake kutania tangu ajali, na ulikuwa utani mbaya kuliko wote Redio aliowahi kusikia. Alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kulia, Polepole alikuwa anamwangalia.

"Na cha pete?" akauliza.

"Cha pete ni changu. Hicho usikitaje dukani kwako."

"Sitakitaja."

"Wala hicho chako."

"Wala changu." Akaibana kamba upya. "Kaka, kiganja kinawaka moto. Sisemi niachie. Hilo neno nimelihama. Nauliza tu, nishushe?"

Polepole akaangua kicheko, peke yake, kisha akaona yuko peke yake akakatisha. Kaka akainuka, akalirudisha bomba la mafuta kwenye kibanio chake, akalikaza. Mikono yote miwili akaiweka nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Shuka," akasema.

Injini ikashuka. Ikagusa kikalio cha kulia, ikasita, ikakaa na kwenye cha kushoto. Gari zima likainama mbele kidogo, springi zikapiga kelele, likatulia. Redio akaifungua kamba kiunoni. Ilikuwa na damu kidogo. Shemeji alikuja na beseni la maji, akaliweka mbele yake, akasema, "Shemeji, tumbukiza mikono humo." Halafu akarudi kuokota mchele, punje kwa punje, hakutaka mtu amsaidie.

Maji yalikuwa bado yanamuuma Redio aliposikia spana zinagongana kwenye sanduku. Kaka alikuwa ameinamia injini, anajaribu kuikaza nati ya kushoto. Mkono wa vidole vitatu ulikuwa unateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Akaitoa spana. Akatazama juu ya tairi, mahali pa kuweka vitu. Akatazama kiti. Kisha akanyoosha mkono ule ule mbovu juu ya injini, spana ikiwa imelala kiganjani, akangoja.

Redio akajipangusa kiganja kwenye suruali, akaipokea.

"Nati hiyo," kaka akasema. "Na uangalie unachofanya."

Redio akainama. Akaangalia.