Mahindi ya Nenek Brigitha

Tok. Tok-tok. Kimya kidogo, kisha tok.

Nilibaki kitandani nikisikiliza. Nje kulikuwa giza bado, na ndege ya kwanza ilikuwa haijapita juu ya nyumba. Hapa Richfield, Amerika, kando ya jiji la Minneapolis, tuko karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba vikombe hutikisika kabatini kila inapopaa. Nilidhani bomba la maji limeharibika. Halafu ikanijia harufu ya mahindi ya kukaanga, nikajua ni mjukuu wangu Kendi.

Nilimkuta ameketi sakafuni jikoni, miguu ameinyoosha, jiwe bapa liko mbele yake na jingine mkononi. Alikuwa akichota punje za moto kutoka kwenye kikaango kwa vidole, anaziweka juu ya jiwe, anapiga mara moja, zinalala bapa kama sarafu.

“Shosho, nimekuamsha? Pole.”

“Utaungua wewe.”

“Nenek anasema vidole vikizoea haviungui.”

Nenek. Ndivyo wanavyomwita nyanya huko Indonesia. Kendi anasoma chuo kikuu hapa Minneapolis, na mwaka jana chuo kilimpeleka kuishi kwenye kisiwa kidogo karibu na Flores, nyumbani kwa mama mzee anayeitwa Brigitha. Tangu nilipokuja kukaa na binti yangu Maureen, mama yake Kendi, jina la mama huyo nimelisikia kuliko langu. Nenek hutia majani ya mlonge kwenye supu. Nenek hufuma vitambaa na kuvitia rangi ya majani. Nenek huimba kanisani. Hata mimi huimba kanisani.

Hayo ningeyavumilia. Lakini siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Ijumaa Kendi alitakiwa kuwajibu watu wa chuo kama Julai atarudi kisiwani. Julai hiyo hiyo mimi narudi kwangu Kibirichia, kule Meru, na nilitamani twende pamoja. Sikuwa nimemwambia. Kwetu mtu mzima haombi kutembelewa na mtoto. Mtoto hujileta mwenyewe. Basi nilikuwa nikingoja ajilete.

“Onja, Shosho.”

Nikaonja. Yalikuwa matamu, yanavunjika vizuri, na moshi kidogo ndani yake.

“Yanataka chumvi,” nikasema. Hayakutaka chochote.

Akapangusa mikono, akavuta kompyuta yake. Alikuwa ameandika maelezo ya kile kijiji kwa ajili ya mwalimu wake, akataka anisomee. Yalikuwa kwa Kiingereza, naye akawa anayageuza kwa Kiswahili taratibu, na akikwama namsaidia neno. Hiyo ilikuwa hisani. Angeweza kuyasoma kimya.

Akaniambia nyumba zao zimeshikilia mteremko kama mbuzi, na nyuma yake kuna mlima ambao siku nyingine hutoa moshi, na hakuna anayeacha kazi kuutazama. Maji ni shida, kwa hiyo kila nyumba ina tangi la kukinga mvua, na anayeishiwa huchota kwa jirani bila kubisha hodi. Mgeni hulishwa kabla ya kuulizwa jina. Kuna mzee asiyeona, na samaki wa kwanza kufika ufukweni hupelekwa kwake, kila mara, wala hakuna anayekumbuka nani alianzisha.

Nilikuwa nimejiandaa kukichukia kijiji hicho, kikakataa kuchukiwa. Hapo ndipo kilipozidi kuniuma.

“Na mahari yao, Shosho, ni pembe za ndovu.”

“Kisiwani kuna ndovu?”

“Hakuna hata mmoja. Pembe zililetwa na wafanyabiashara zamani, sasa zinazunguka tu, ukoo huu kwa ukoo ule.”

“Basi zilitoka kwetu. Andika hapo kwamba Nenek wako aliolewa kwa meno ya ndovu wanaonilia viazi.”

“Labda zilitoka India!”

“Zilitoka Meru. Andika.”

“Shosho, una wivu!”

“Wivu wa nini? Mimi niliolewa kwa asali na mbuzi. Mali inayolika.”

Alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akaendelea kusoma, na sauti yake ikabadilika. “Siku ya pili Nenek alinikabidhi jiwe, akanisogezea chungu. Hakuniuliza kama naweza. Tangu hapo nikawa mtu wa pale.”

Nikamkatiza.

“Na kwangu je? Ulipokuja Kibirichia ukiwa mtoto, hukuwa mtu wa pale?”

Kendi alifunga kompyuta polepole.

“Kwako nilikaa kwenye kiti, Shosho.”

“Kiti kizuri.”

“Kizuri sana. Chenye kitambaa. Na soda. Watoto wakija tukachote maji unawafukuza. Nikishika jembe unaninyang’anya: ‘Wacha, mgeni wangu, utachubuka.’ Nilikuwa nawasikia wanacheka shambani, mimi niko dirishani na soda yangu.”

Soda hiyo niliifuata sokoni kwa miguu. Kwetu mtoto aliyevuka bahari hukalishwa. Nyumba zote hufanya hivyo, na jirani angeniona nina wazimu nikimpa jembe mtoto aliyetoka Amerika. Lakini ng’ambo ya dunia kulikuwa na mama mmoja aliyempa jiwe, na sasa mtoto ni wake.

Mlango ukafunguka. Maureen alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, macho mekundu.

“Nani ameleta mawe jikoni kwangu?”

“Ni mambo ya Nenek,” nikasema.

“Mum, hata wewe sasa?” Akachota mahindi konzi moja, akayatafuna amesimama. Kabla ya kwenda kulala alinipandishia shali iliyokuwa imeniteleza begani. Yeye ni hivyo.

Tukabaki wawili. Nikaona Kendi anataka kukusanya mawe, na nikaona Ijumaa inakuja na mimi nimekaa kimya na heshima yangu.

“Kendi. Viazi vyangu vinakomaa Julai. Mgongo wangu umekataa kuinama. Nataka mtu wa kuchimba.”

Akaniangalia. “Unaniomba nije?”

“Siombi. Nakutuma.”

“Kuchimba kweli? Si kukaa?”

“Alfajiri, kabla jua halijawa kali. Na kubeba magunia hadi barabarani.”

“Nikichubuka?”

“Utachubuka. Kuna mafuta ya kupaka.”

Alitabasamu akiangalia chini, kama mtu aliyepewa kitu na hataki wengine wakione. “Basi nitawaandikia chuo kwamba siendi,” akasema. “Lakini Nenek nitamwambia mwenyewe. Sasa hivi kwao ni jioni.”

Akapiga simu ya picha. Nikamwona Brigitha kwa mara ya kwanza: mama mwembamba, mvi zimefungwa nyuma, taa ndogo ubavuni mwake. Alipomwona Kendi uso wake wote ulifunguka. Kendi akaongea naye kwa lugha yao, nikasikia jina la Meru limepita katikati.

Uso wa yule mama ukatulia. Midomo ikajikunja kidogo, kama ya mtu aliyesikia harufu ya maziwa yanayoungua. Nikaufahamu mara moja. Nimeuvaa uso huo tangu nifike nchi hii.

“Anasema nini?” nikauliza.

“Anauliza viazi vyako vina nini ambacho mahindi yake hayana.”

“Mwambie vina ndovu.”

Kendi akatafsiri. Brigitha alinitazama, akakohoa kicheko, nami nikachukua punje moja bapa nikaitafuna mbele yake ili aone. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasogeza simu karibu na uso wake, akazungumza taratibu, na Kendi akanigeuzia huku anafuta jicho.

“Anasema, ukimaliza kwa nyanya yako, mwanangu, uje tena kwangu. Usikawie.”