Bia Nyekundu ya Mama Gloire

Kupika bia nyekundu nilijifunza kwa kusoma. Mchana nilisafisha matangi katika baa ya Dolores, inayopika bia yake yenyewe, mtaa wa Bailey. Jioni nilisoma vitabu vya maktaba, kamusi ikiwa kando. Nilipojiona niko tayari, nilimwomba Dolores tangi moja. Nilipima maji, kimea, joto na muda, nikaandika kila kitu. Niliongeza mtama mwekundu kidogo, kama tulivyofanya nyumbani Walungu, kule Kivu, Kongo. Kuonja nilimwachia Dolores. Mimi nilitegemea pua na kipimajoto.

Sababu ilikuwa kwaya. Kwa miaka sita nimekuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, waimbaji ishirini na wawili, na anayeongoza kwaya hagusi pombe. Mzee wa kanisa, Papa Zihindula, aliposikia ninapika, alikuja nyumbani. Sisemi ni mtu mbaya. Majira yetu ya kwanza ya baridi hapa Buffalo, ni yeye aliyemletea binti yangu Gloire na wadogo zake makoti.

"Kupika ni kazi," alisema. "Hata waumini wetu wa kiwanda cha Tonawanda hawachagui wanatengeneza nini. Lakini ukiitia mdomoni, unaacha kwaya. Na barua itaenda kwa kanisa zetu za Louisville na Columbus, wasikupokee kule."

Nikakubali. Niliona ni jambo rahisi: nipike mimi, wanywe wengine.

Bia ilipokuwa tayari, Jumamosi saa nane mchana, Dolores aliifungua. Aliandika jina langu ubaoni kwa chaki: Emérence. Wateja wake wa siku zote, wazee waliofanya kazi ya chuma Lackawanna, walikunywa papo hapo na kuomba nyingine. Mmoja alinipigia saluti.

Watu wangu walikaa kwenye meza ndefu ya dirishani, kumi na mmoja, wote wa Kivu. Niliwamiminia mwenyewe. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, glasi ikiwekwa mbele ya taa. Povu likasimama vizuri. Wakashika glasi. Hakuna aliyekunywa.

Nilingoja. Wakaongea habari za theluji, wakaongea habari za gari la jirani yangu Elie lililogoma kuwaka. Povu likashuka.

"Haipendezi?" niliuliza.

Binamu yangu Gentille, aliyekuja kwa basi kutoka Columbus, alinitazama. "Mama Gloire, tuko tunakungoja weye."

"Mnaningoja nini?"

"Eh! Umesahau kwenu? Mwenye kumimina anaonja wa kwanza."

Ndipo nikakumbuka. Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja mbele yako, ujue hakina sumu. Asiyeonja amejisema mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa miezi mitatu, na hilo sikuliandika popote.

"Bon," akasema Elie, "labda dawa ya kutumaliza ameweka kwa bia ya meza hii tu. Wazungu pale wako wanaongeza glasi ya pili."

Wakacheka. Lakini glasi zilibaki mezani, na kicheko kilikwisha haraka. Mama mmoja mwishoni mwa meza aliisukuma yake mbali kidogo, kwa kidole kimoja.

Papa Zihindula alikuwa amesimama karibu na mlango, hajavua koti, glasi ya maji mkononi. Alikuja kuhakikisha sinywi. Nikamwendea.

"Papa, umeona?"

"Nimeona."

"Na unajua maana yake."

"Najua. Mimi pia ni wa kule." Akashusha sauti. "Waambie ni mambo ya kanisa. Wataelewa."

"Watasema wameelewa. Halafu Bailey yote itasema Emérence anapika kitu asichoweza kunywa."

"Afadhali hilo kuliko kupoteza kwaya."

"Weye ungepokea kinywaji cha mtu asiyekionja?"

Akanywa maji yake.

"Basi," nikasema.

Nilirudi mezani, nikachukua ile glasi aliyoisukuma yule mama. Niliiinua ili kila mtu aone, hata Papa Zihindula. Nikaonja. Kwanza ulikuja utamu wa kimea, kama ganda la mkate ulioungua kidogo. Kisha uchungu pembeni mwa ulimi. Mtama ukafuata nyuma, mkavu. Ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia, maana siku ya pili joto la tangi lilinipanda mno. Nikameza. Na kwa kuwa funda moja lingeweza kuitwa bahati mbaya, nikamaliza glasi nzima.

"Ehee!" Gentille akapiga meza. "Sasa mmiminie huyu mama ingine."

Wakanywa wote.

Papa Zihindula alinifuata hadi kaunta. "Kesho usisimame mbele ya kwaya, Mama Gloire."

"Nitasimama."

"Donc nitaandika barua."

"Andika, Papa. Andika na sababu ya mimi kunywa. Usiruke hapo."

Jumapili nilifika nusu saa mapema. Waimbaji watatu hawakuvaa sare. Walikaa kwenye viti na watu wengine. Kumi na tisa walisimama mahali pao, wakinitazama mimi, kisha mstari wa mbele wa viti, alipokuwa Papa Zihindula. Akainuka, akasema kanisa zima lisikie:

"Emérence, keti."

"Papa, ukitaka nikae, njoo unikalishe."

Hakuja. Nikainua mkono, nikahesabu hadi nne, na waimbaji wa sauti za chini wakaanza.